Labda Moja ya Mzee Chupa

Wanafunzi ndio waliompa jina la Mzee Chupa, na walimpa hata kabla hajawa mzee. Alikuwa mtunza maabara wa shule ya sekondari, kazi ambayo si ualimu wala si ufagizi. Aliosha chupa na mirija ya majaribio, akapima tindikali, akafunga makabati, akaandika daftarini kilichovunjika na nani kakivunja. Kwa miaka ishirini na saba aliingia kazini na koti la kijivu lililotobolewa na matone ya tindikali, mpaka mifuko yake haikushika hata kalamu.

Lakini kichwani hakuwa mtupu. Vitabu vya sayansi vilivyochanika majalada, ambavyo shule ilivirundika stoo vikisubiri kuchomwa, alivibeba nyumbani kimoja kimoja na kuvisoma vyote. Vya mimea alivipita haraka. Vya anga alivirudia mpaka kurasa zikalainika kama kitambaa. Walimu vijana wa fizikia wakikwama walikuja maabara wakijifanya wanatafuta chaki, kisha wanauliza kijuujuu, "Hivi Mzee, ile habari ya uzito na mvutano imekaaje?" Naye aliwajibu taratibu, akiendelea kusugua chupa, ili isionekane kwamba mwalimu anafundishwa na mwosha vyombo.

Nyumbani alikuwa na dada yake. Walikaa vyumba viwili nyuma ya duka la vitabu na madaftari. Kimoja cha kulala dada, kingine cha kulala yeye na cha kila kitu kingine, cherehani ikiwa dirishani. Dada alimzidi miaka tisa. Mama yao alipofariki, dada alikuwa na miaka kumi na saba. Aliacha shule, akakaa kwenye cherehani ya marehemu, na mguu wake haukutoka kwenye kikanyagio mpaka mdogo wake alipomaliza kidato cha sita. Alikuja mtu wa kumwoa, mtu mzuri tu, lakini alitaka ahame naye mwezi uleule. Dada akamwomba asubiri kijana amalize shule. Yule bwana hakuwa na subira ya miaka mitatu.

Matokeo ya kidato cha sita yalipotoka, hayakutosha kwenda chuo. Kijana alirudi na karatasi ameikunja mara nne, ameishika kiganjani kama mtu aliyeokota kitu cha aibu. Dada aliisoma, akaikunja tena vilevile.

"Basi tafuta kazi iliyo karibu na vitabu," alisema, akaendelea kupinda pindo la sketi.

Hakuligusia tena jambo lile, si siku ile wala miaka iliyofuata. Mzee Chupa naye hakulisahau hata siku moja.

Macho ya dada yalianza kumsaliti akiwa na miaka hamsini na nane. Kwanza ulikuwa uzi; alikuwa akiutia kwenye sindano bila kuangalia, sasa akawa anaukosea na kuulamba na kuukosea tena. Hilo alilicheka. "Tundu za sindano siku hizi wanazitoboa kwa ubahili," alisema. Kisha akaanza kugonga mabega kwenye miimo ya milango. Akimwaga chai, anaimwagia pembeni ya kikombe. Siku moja alikata kola mbili za shati kwa kipimo cha upande mmoja, naye katika maisha yake hakuwahi kuharibu kola. Hilo hakulicheka.

Daktari wa macho, mama mmoja mnene mwenye sauti ya upole, alimpima kwa muda mrefu. Akawaita wote wawili, akawaambia bila kuzungusha.

"Hii ni presha ya macho. Maji ya ndani ya jicho yanazidi, yanabana mshipa unaopeleka picha kwenye ubongo. Jicho la kushoto limeshakwenda. La kulia linaona katikati tu, kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Kilichokwenda hakirudi. Tunalinda kilichobaki."

Akampa dawa ya matone, asubuhi na jioni bila kukosa, na tarehe ya upasuaji wa jicho la kulia, miezi minne mbele, maana foleni ilikuwa ndefu. Njiani dada alimshika mdogo wake mkono, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu alipokuwa akimvusha barabara kwenda shule ya msingi.

Dada alilia majuma mawili. Hakulia kwa kelele. Alikuwa akishona huku machozi yanadondokea kitambaa, kisha anapiga pasi pale pale yalipodondokea. Mzee Chupa alikuwa akitoka kazini, anakaa kwenye stuli kando yake.

Faraja ililetwa na jirani yao, msusi wa nywele, mwanamke mchangamfu aliyejua habari za mtaa mzima kabla wenyewe hawajazijua. Alikuja na simu yake, akaiegemeza kwenye cherehani. Ndani ya simu alikuwamo bwana mmoja mwenye suti ya bluu na raba nyeupe, aliyejiita Daktari wa Anga. Zamani alikuwa akiuza antena za televisheni. Sasa alikuwa na wafuasi wengi mtandaoni, na kila juma alikusanya watu katika ukumbi ulio juu ya duka la rangi.

Alichokuwa akisema kilikuwa hiki. Ile sayari kubwa, Mshtarii, ambayo wengine huiita Jupita, si jiwe kama dunia yetu. Ni gesi tupu, tena gesi ileile iliyomo kwenye jua. Kwa hiyo ni jua ambalo halijawashwa. Chombo kilichotumwa angani kimeanguka ndani yake na kutia cheche, na sasa inapata joto chini kwa chini. Itawaka kabla mwaka huu haujaisha, na mwanga wake utakuwa laini, unaoponya mishipa ya macho. Ila jicho lililopigwa kisu cha hospitali, au lililoloweshwa dawa, mwanga huo halitaupokea.

Uongo wake aliujenga juu ya kweli, na hapo ndipo ulipopata nguvu. Mshtarii kweli ni gesi. Gesi yake kweli ni ya jua. Vyombo kweli vimeangukia humo. Mzee Chupa alisikia mara ya kwanza akiwa anamenya chungwa, akacheka puani.

"Mwuza antena," alisema.

Lakini dada aliacha kulia. Alianza kuamka mapema, akapiga pasi nguo za wateja zilizolala siku nyingi, akaimba. Kutwa nzima simu ya msusi iliongea pale dirishani. Mzee Chupa aliona uso wa dada yake umerudi, akajiambia kwamba hadithi haimdhuru mtu, mradi matone yanatiwa na tarehe ya upasuaji inakaribia.

Shule ilikuwa na darubini moja, iliyoletwa na mgeni fulani miaka mingi nyuma na kufungiwa kabatini kwa sababu hakuna mwalimu aliyejua kuielekeza. Mzee Chupa aliomba ruhusa, akaibeba nyumbani ndani ya blanketi. Jioni ile, jua limetoka tu kutua na anga bado ina rangi, aliisimamisha uani kati ya ndoo na kamba ya kuanikia nguo. Alihangaika nayo, akaifunga na kuifungua skrubu moja mara kumi, kisha akamwita dada.

"Funga la kushoto. Weka la kulia hapa. Usiguse bomba."

Dada aliinama. Alikaa hivyo muda mrefu mpaka mdogo wake akadhani haoni kitu.

"Naona," alisema kwa sauti ndogo. "Kiduara. Kina... kina michirizi miwili? Na vitone pembeni, vimejipanga."

"Hiyo miezi yake. Hesabu."

"Mitatu. Hapana, minne. Minne!" Akacheka, kicheko cha msichana, kicheko ambacho Mzee Chupa hakukisikia tangu enzi za mama yao. "Yaani jicho langu hili hili limefika huko!"

Aliinuka, akamtafuta kwa mkono mpaka akashika koti lake.

"Mdogo wangu. Mambo ya simu niache nayo. Wewe ndiye uliyesoma. Nikwambie ukweli, nataka jibu lako wewe. Kile kiduara kinaweza kuwa jua?"

Jibu alikuwa nalo mdomoni. Alikuwa nalo tangu ujana wake. Lakini alimtazama yule mwanamke aliyemlea, uso umeangaza, vidole vimeng'ang'ania koti lenye matundu.

"Labda," alisema. "Siku moja, labda."

Dada alimpigapiga begani, akaingia ndani kupika chai.

Siku ya upasuaji iliangukia siku ya mtihani wa vitendo wa taifa. Mtunza maabara hawezi kukosa siku hiyo. Kila meza ilitaka vifaa vyake vimepimwa na kufungwa kwa lakiri. Msusi akasema asihangaike, atampeleka dada hospitali yeye mwenyewe. Mzee Chupa alishinda maabara roho juu. Alimwaga chumvi ya majaribio, jambo ambalo wanafunzi walilisimulia mwaka mzima. Saa tisa alitoka karibu akimbie, amenunua mkate laini akijua mgonjwa atataka kitu cha kutafuna kwa urahisi.

Nyumba ilikuwa imefungwa. Mwenye duka la madaftari alichungulia.

"Dada yako? Wamekwenda na msusi kule ukumbini, juu ya duka la rangi. Tangu asubuhi."

Alipanda ngazi zile na mkate kwapani. Ukumbi ulikuwa umejaa watu kwenye viti vya plastiki: mama mwenye mtoto mwenye makengeza, mzee mwenye fimbo nyeupe, vijana wenye miwani minene. Mbele alisimama yule bwana wa suti ya bluu. Na kando yake, ameshika kipaza sauti kwa mikono miwili, alikuwa dada.

"Mimi sikusoma," alikuwa anasema. "Lakini mdogo wangu anafanya kazi maabara miaka ishirini na saba. Walimu wanamfuata yeye awafundishe. Nilimwuliza ana kwa ana, naye hana tabia ya kunidanganya. Akasema inawezekana."

Ukumbi ulilipuka kwa makofi. Mzee Chupa alisimama mlangoni. Alifungua mdomo. Aliyaona macho ya watu wale, mazima na mabovu, yote yamegeukia mbele kwa dada yake, na dada anatabasamu akitazama mahali ambapo hapakuwa na mtu. Akaufunga mdomo. Alishuka ngazi akamsubiri chini, kwenye harufu ya rangi.

Nyumbani alitafuta ile dawa ya matone. Aliikuta ndani ya kopo la vifungo, chupa tatu, mbili hazijafunguliwa kabisa. Ile ya tatu ilikuwa imejaa karibu mpaka shingoni. Alihesabu siku kwa vidole. Tangu jioni ya darubini, dada hakuwa ametia hata tone moja. Alizipanga chupa mezani, akakaa.

"Dada, haiwezi."

"Nini haiwezi?" Dada alikuwa anavua viatu.

"Mshtarii. Haiwezi kuwa jua. Si mwaka huu, si milele."

Dada alitulia na kiatu kimoja mkononi.

"Si gesi ile ile?"

"Gesi ile ile. Lakini jua haliwaki kama jiko. Uzito wake lenyewe unaibana gesi ya katikati, unaibana mpaka chembe zinaungana, na hapo ndipo joto linapotoka. Uzito usipotosha, hakuna kinachotokea. Mshtarii ni kubwa, ina uzito wa dunia mia tatu na zaidi. Lakini ili iwe jua dogo kabisa, la mwisho kwa udogo, ingetaka uzito wa Mshtarii nyingine sabini na zaidi zirundikwe juu yake."

"Na zipo?"

"Hazipo. Ukichukua sayari zote nyingine, na hii yetu humo humo, ukazipakia zote, hazifiki hata nusu ya hiyo moja."

"Na kile chombo kilichotia cheche?"

"Hakikutia cheche yoyote. Kilisagika kikayeyuka. Huko hakuna hata hewa ya kulisha moto. Ungetupa kiberiti kinachowaka, kingezimika."

Dada aliweka kiatu chini, akakipanga sawasawa na mwenzake kwa kupapasa.

"Kwa hiyo ile haina presha ya kutosha, haiwaki," alisema. "Na mimi ninayo nyingi, nazimika. Mungu naye ana mzaha." Alicheka kidogo. "Haya uliyajua lini?"

"Siku zote."

"Hata jioni ile uani?"

"Hata jioni ile."

Nje mtu alikuwa akivuta meza za duka ndani.

"Yule wa antena mimi sikumwamini," dada alisema mwishowe. "Nilikuwa namsikiliza kama mtu anavyosikiliza redio akishona. Dawa niliiacha baada ya kukuuliza wewe. Nilikuamini wewe."

Mzee Chupa alitaka kusema kwamba alimhurumia, kwamba alitaka acheke tena kama alivyocheka. Lakini aliona kwamba maneno hayo yangekuwa ya kujisafisha, na dada hakuwa na haja ya kumsafisha mtu.

Daktari wa macho aliwapokea juma lililofuata bila kuwagombeza, na afadhali angewagombeza. Alipima presha, akapima tena, akatoa miwani yake akaifuta ingawa haikuwa na vumbi. Walimfanyia upasuaji kwa dharura. Presha ilishuka, lakini mshipa ulikuwa umekwisha. Ile nafasi ndogo ya katikati ilizidi kujikunja siku hadi siku. Kwanza dada alipoteza tundu la sindano, kisha sindano yenyewe, kisha mkono ulioishika. Mwisho wa mwezi alisema dirisha analiona kama weupe tu. Kisha hakusema tena juu ya dirisha.

Mzee Chupa alirudi ule ukumbi. Safari hii hakubaki mlangoni. Alisimama katikati ya maelezo ya Daktari wa Anga, akawaambia watu yote, uzito, gesi, Mshtarii sabini na zaidi zisizokuwapo. Akawaambia warudi kwenye matone yao. Alieleza vizuri, pengine vizuri kuliko alivyowahi kueleza kitu maishani mwake. Mwuza antena alimwacha amalize. Kisha akauliza kwa upole:

"Mzee, wewe si ndiye yule mdogo wake mama aliyetushuhudia hapa? Si wewe uliyesema inawezekana?"

"Ndiyo. Nilikosea."

"Ulikosea siku ile au unakosea leo?"

Watu waliangua kicheko. Msusi, aliyekuwa ameketi mstari wa pili, aligeuka na uso wa huruma. "Sasa kaka, tukuamini lini?" alisema. Mama mwenye mtoto wa makengeza alimvuta mwanawe karibu na kiti chake. Hakuna aliyehitaji kumtoa, alitoka mwenyewe. Juma lililofuata ukumbi ulijaa kuliko kawaida, na tarehe ya kuwaka kwa sayari ikasogezwa mwaka mmoja mbele. Hakuna aliyelalamika.

Miezi ikapita. Dada alijifunza njia ya bombani kwa kuhesabu hatua, akaanguka mara mbili, akaendelea kuhesabu. Alijaribu kushona vifungo kwa kupapasa, akavishona vizuri, lakini wateja walileta shati moja moja la kumpa pole, akaitambua pole hiyo akaikataa. Cherehani alimpa binti wa msusi. Dada hakumtupia mdogo wake neno lolote baya. Alimjibu kila alilouliza, alimpa shukrani kwa kila kikombe. Ila hakumwuliza tena kitu chochote. Hata kujua kama mvua itanyesha, aliwauliza wapita njia.

Siku moja akaja mtoto wa shangazi yao, mwanamke mjane aliyekaa mji mwingine, na begi la dada lilikuwa limeshafungwa. Mzee Chupa ndipo alipojua.

"Unahama?"

"Nahama."

"Dada, mimi nitaacha kazi. Nitashinda na wewe hapa. Imebaki miaka mitano tu niweze kustaafu, haina maana yoyote."

"Si hilo." Alikuwa ameketi kitandani, mikono mapajani. "Humu ndani kila kitu nakikumbuka kwa sura. Nikishika ukuta, najua rangi yake. Nikisikia sauti yako, naona uso wako, tena nauona wa jioni ile. Kule kwa mtoto wa shangazi sijawahi kufika. Kule hakuna nitakachokosa."

Alimbebea begi mpaka kituoni. Dada alitembea mbele, amemshika mtoto wa shangazi kiwiko, akimwuliza njiani kuna nini, na yule mwanamke akimweleza: hapa kuna jiwe, hapa kuna mtaro, hapa wamepaka ukuta upya rangi ya kijani. Gari lilipofika, Mzee Chupa alimkabidhi begi. Dada alilipokea kwa mikono miwili, akamtakia afya njema, akapanda.

Kesho yake ilikuwa siku ya kazi. Kidato cha pili walikuwa na jaribio la asidi, na mirija kumi na minne ilikuwa haijaoshwa.